Machandaiza: Hauzi, hanunui, ila ana neno katika kile Arusha inachokunywa

Saa moja na nusu asubuhi maduka ya karibu na soko la Kilombero ndiyo kwanza yanafungua milango, na tayari kijana mwenye fulana ya kampuni amepiga magoti mbele ya friji. Anatoa soda zote, anazifuta vumbi, anasoma tarehe, kisha anazirudisha: za zamani mbele, mpya nyuma, lebo zikimtazama mteja. Chupa mbili za kampuni pinzani alizozikuta humo anazitoa na kuzisimamisha kaunta bila kusema neno. Mwenye duka anaona, anatabasamu, naye hasemi neno. Wote wawili wanajua kuwa kijana akishapanda bodaboda kuelekea Mbauda, zile chupa mbili zitarudi ndani.

Huyo ndiye machandaiza, japo mitaani wengi humwita tu mtu wa kampuni, au humpa jina la kinywaji chake: mtu wa Pepsi, mtu wa Coca, mtu wa Azam. Hauzi, maana risiti inakatwa na mwenzake wa mauzo. Hanunui. Mzigo si wake, duka si lake, friji si yake. Alichopewa ni jukumu la kuhakikisha kinywaji cha kampuni kipo dukani, kinaonekana, hakijapitwa na tarehe, kina bei iliyopangwa, na kiko karibu na mkono wa mnunuzi kuliko cha mshindani. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 617,631, ukiacha wanaoshuka kila siku kutoka Ngaramtoni, Tengeru na Usa River, mikono hiyo ni mingi.

Vijana wanaitafuta sana kazi hii. Haidai shahada, haidai mtaji, na ina fulana safi yenye nembo ambayo mama mwenye nyumba akiiona anaamini kodi italipwa. Maoni yangu nayasema mapema, msomaji asije akasubiri hadi mwisho: ni kazi nzuri ya kuanzia maisha na mbaya ya kuzeekea, na kinachoamua imfae mtu au imtoe jasho bure ni karatasi aliyoisaini siku ya kwanza, kama alisaini yoyote.

Vita vya friji

Mgeni anaweza kudhani ugomvi wa chupa mbili kwenye friji ni utoto wa wafanyakazi wadogo. Arusha na Moshi zinajua zaidi. Kaskazini ni moja ya sehemu za nchi ambako viwanda vya vinywaji vimekaa karibu karibu mno. Bia za TBL zinapikwa Arusha. SBC, wenye Pepsi, Mirinda na 7up, wana kiwanda Arusha. Ukienda mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari unawakuta Bonite Bottlers wa Moshi, kampuni iliyojengwa na marehemu Reginald Mengi, wanaojaza soda za Coca-Cola na maji ya Kilimanjaro. Moshi huohuo wapo Serengeti, yaani SBL. Kutoka Dar es Salaam zinakuja Azam na Mo kwa malori. Juu ya hao wote kuna Banana Investments, kampuni ya hapahapa Arusha, ambayo mvinyo wake wa ndizi uitwao Raha una wateja wake ambao hawabadilishwi na bango lolote.

Wenye umri wanakumbuka vita vya bia vya miaka ya tisini. TBL, iliyobinafsishwa mwaka 1993 kwa kuingia mwekezaji kutoka Afrika Kusini, ilikutana na Wakenya waliojenga kiwanda cha Kibo pale Moshi. Wasauzi nao wakajibu kwa kujenga chao Thika, Kenya. Mwaka 2002 wakubwa wakakaa mezani, wakagawana: cha Thika kikafungwa, na Kibo nayo ikazimwa, Wakenya wakapata asilimia 20 ya hisa za TBL. Aliyekuwa anapanga chupa za Kibo kwenye baa za Kaloleni hakuitwa kwenye meza hiyo.

Amani haikudumu. Mwaka 2009 SBL walipeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, dhidi ya TBL. Kilicholalamikiwa ndicho hasa kinachofanywa kila siku na watu wa fulana: mikataba ya kupamba baa kwa rangi na mabango ya kampuni moja, na kuondolewa kwa matangazo ya mshindani. Mwaka uliofuata Tume iliamua dhidi ya TBL na kuitoza faini ya asilimia 5 ya mapato yake ya mwaka. TBL wakakata rufaa Baraza la Ushindani. Mwaka huohuo wa 2010 EABL, wale Wakenya wa Kibo, ilinunua asilimia 51 ya SBL, na baadaye ikalazimika kuachia zile hisa zake za TBL, maana huwezi kukaa na mguu kwenye kambi mbili. Kwa hiyo stika inayobanduliwa mlangoni mwa grosari ya Ngarenaro si jambo dogo. Imewahi kufikishwa mbele ya Tume ya taifa.

Friji ndiyo kiini cha yote. Kampuni inampa mwenye duka friji bila kumuuzia, kwa sharti kwamba ndani zikae bidhaa zake tu. Umeme analipa mwenye duka. Sasa mwenye duka naye ana hesabu zake: nafasi ni finyu, umeme ni wake, na mteja wa saa nne usiku akitaka energi ya kampuni nyingine iliyo baridi, hataelezwa habari za mkataba. Machandaiza anasimama katikati ya watu hawa wawili, na wote wana hoja. Aliyeiva hagombani. Anampa Mangi, kama mwenye duka anavyoitwa mitaani, shikamoo kama umri unataka, anauliza habari za mgonjwa, anapanga rafu mbili za juu vizuri, na ile rafu ya chini kabisa anajifanya haioni. Kisha anapiga picha. Picha ya rafu za juu.

Maana siku hizi kazi inafanyika kwa simu. Ruti ya siku ipo ndani ya programu, kila duka lina nukta yake kwenye ramani, na picha ya friji inaondoka na saa na mahali ilipopigwa. Msimamizi aliye Dar anaweza kuiona friji ya Kwa Mrombo kabla mwenyewe Mangi hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Jambo hilo limewasaidia wachapakazi, ambao zamani walipimwa kwa maneno ya bosi tu. Limewabana pia, kwa sababu programu haijui kwamba barabara ya Moshono ilikuwa tope, wala kwamba duka lilifungwa kwa ajili ya msiba.

Supamaketi zilipita, Mangi akabaki

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa kwa ajili ya supamaketi: rafu ndefu, taa nyeupe, wateja na vikapu. Arusha ilionja hayo. Pale kwenye majengo ya TFA, Barabara ya Sokoine, alikuwapo Shoprite wa Afrika Kusini. Mwaka 2014 akaondoka, akaingia Nakumatt wa Kenya, na miaka michache baadaye Nakumatt mwenyewe akaanguka na madeni yake. Supamaketi nyingine zipo leo na zinafanya biashara, ila chupa nyingi za mkoa huu bado zinapita kwenye duka la mtaa, grosari, baa, kioski cha stendi na meza ya mama anayeuza maji nje ya hospitali.

Tofauti yake kwa machandaiza ni kubwa. Supamaketi inatoa nafasi kwa makubaliano ya ofisini. Kijana anakuja kupanga kilichokwisha kukubaliwa. Dukani kwa Mangi hakuna kilichokubaliwa. Nafasi ya usawa wa macho, ambayo ndiyo inayouza, hupatikana kwa mazoea, kwa kumsaidia kubeba kreti hadi stoo, kwa kumwambia mapema kwamba bei inapanda baada ya bajeti ya Juni. Na bado mwenzako wa kampuni nyingine atapita alasiri na kupangua.

Kuna elimu humu ambayo mtu haipati darasani. Machandaiza mzuri anajua kwamba soda ya plastiki, ile wanayoiita ya tekaweyi, hupoteza gesi mapema kuliko ya chupa ya kioo, hivyo haivumilii kukaa stoo miezi. Anajua bia haipangwi juani kwa ajili ya kupendeza: mwanga hugusa kemikali za hopsi na kuitia harufu mbaya, na chupa ya kahawia huzuia mwanga huo vizuri kuliko ya kijani au nyeupe. Ukiona grosari imepanga bia za chupa za kijani kwenye dirisha linalopigwa na jua la magharibi, ujue machandaiza hajapita, au amepita na hakujali. Anajua pia kufungua programu ya Hakiki Stempu na kusoma stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo tangu 2019 imebandikwa kwenye vinywaji, akatambua mzigo wa magendo kabla haujamletea mwenye duka balaa la mamlaka ya mapato, TRA.

Nakiri napenda kuwaona watu wa aina hii wakifanya kazi. Wana jicho.

Kinachopatikana

Mshahara tutaufikia. Kwanza yale ambayo hayaandikwi kwenye hati ya malipo.

Miaka miwili ya ruti humfanya kijana aujue mji kuliko dereva wa teksi. Atakuambia Unga Limited inanunua nini mwisho wa mwezi, Njiro inanunua nini Jumapili, na kwa nini duka lililo mita 50 kutoka stendi ya daladala linauza maji mara nyingi zaidi ya lililo ng'ambo ya barabara. Anajua nani hulipa kwa wakati, nani ana stoo kavu, nani anafunga duka mwezi ujao. Hii ni mali. Ndiyo maana machandaiza wengi wazuri hawakai: wanachukuliwa kuwa maofisa mauzo, wanahamia kampuni pinzani kwa nyongeza, au wanakopa na kufungua duka la jumla wakiwa tayari na orodha ya wateja kichwani. Sijui mlango mwingine wa biashara ya rejareja ambao mtu anaingia bila mtaji na kutoka akiwa na ramani.

Pili ni uhuru. Hakuna anayekusimamia mgongoni. Ukimaliza maduka yako mapema, umemaliza. Kwa mtu aliyewahi kusimama zamu ya usiku kiwandani, kufanya kazi huku akipunga upepo wa Mlima Meru ni neema, hasa asubuhi ambazo mawingu yameondoka na kilele kinaonekana chote.

Tatu, kwa wasichana na wavulana waliokuwa na haya, kazi inafungua mdomo. Kuingia maduka 30 kwa siku, ukisalimia, ukikataliwa, ukirudi kesho, kunafundisha lugha ya biashara. Waarusha ni wepesi wa maneno ya mkato. Ukiweza kumshawishi mwenye grosari wa Sakina abandue bango la miaka mitano aweke lako, huko kwingine utafika tu.

Kinachouma

Kreti ya soda ya chupa za kioo ina chupa 24, na uzito wake ukijumlisha kioo unakaribia kilo 20. Katoni ya maji ya lita moja na nusu, chupa 12, ni kilo 18 za maji matupu. Kwenye karatasi machandaiza hanyanyui mzigo. Wapo watu wa gari. Lakini gari limeondoka, friji ni tupu, stoo iko nyuma na ngazi ni tatu. Atanyanyua. Kesho atanyanyua tena. Mgongo unaanza kudai ukiwa na miaka 28, na watu wengi hawaunganishi maumivu hayo na kazi kwa sababu hakuna siku moja waliyoanguka.

Barabara ni hatari nyingine. Ruti zinafanywa kwa bodaboda au pikipiki ya kampuni. Njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 hivi, zimerahisisha mwendo na zimeongeza mwendokasi vilevile. Akigongwa akiwa kazini ana haki ya fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia bila kumkata mfanyakazi senti. Ila lazima kwanza ijulikane mwajiri wake ni nani. Hapa ndipo tunapofika kwenye lile jambo la karatasi.

Kijana anavaa fulana ya kampuni kubwa, lakini mara nyingi kampuni kubwa haimjui. Ameajiriwa na msambazaji, au na wakala wa matangazo, au na mtu aliyeitwa na wakala kutafuta vijana kumi haraka kwa promosheni ya miezi mitatu. Promosheni inaisha, inaanza nyingine, kijana anaendelea, na hakuna aliyemwandikia lolote. Mwaka 2014 serikali ilitoa kanuni za kuwazuia mawakala binafsi wa ajira kujifanya waajiri wa watu wanaowapeleka kwenye kampuni za wengine. Zilisaidia kwa kiasi. Ujanja nao una akili: siku hizi anaitwa mtoa huduma, au mkandarasi huru, ingawa saa ya kuingia, fulana, ruti na adhabu vyote anapangiwa.

Sasa mshahara. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa Sh150,000 kwa mwezi, kutoka Sh115,000 ya mwaka 2013. Baadaye serikali ilitangaza nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 kwa kima cha chini cha sekta binafsi, kuanzia Januari 2026. Kampuni nyingine hulipa vizuri zaidi ya hapo, na huongeza nauli, vocha na bonasi. Tatizo ni bonasi. Inategemea tageti, na tageti ni ya mauzo, wakati machandaiza hauzi. Akipanga friji kwa ustadi wote na lori la kampuni lisifike Mianzini kwa wiki mbili, tageti imekufa. Bei ikipanda, imekufa. Kumpima mtu kwa kitu ambacho hana usukani wake naona ni dhuluma ya kistaarabu, na ndiyo inayozaa zile picha za rafu za juu.

Halafu kuna matukio ambayo hakuna ustadi wa kupanga unaoweza kuyashinda. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na rafu nzima ikafutika kwa tangazo moja. Aliyekuwa akipita kuzipanga akawa ndiye anayeulizwa na wenye maduka nani atawarudishia fedha zao. Mwaka 2020 corona ilishusha idadi ya watalii walioingia nchini hadi 620,867 kutoka 1,527,230 ya mwaka uliotangulia. Katika mji ambao kila Land Cruiser ya safari hupakia katoni za maji alfajiri kabla ya kuelekea Tarangire au Ngorongoro, maduka yaliyotegemea magari hayo yalibaki na maji yao. Mwenye duka hakumlaumu waziri wala kirusi. Alimlaumu mtu wa kampuni, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yake.

Kulaumiwa ni sehemu ya kazi kuliko inavyosemwa kwenye usaili. Friji haipoi, analaumiwa yeye. Kizibo cha zawadi kimekataliwa, yeye. Mwavuli ulioahidiwa Desemba haujaja hadi Aprili, yeye. Chupa tupu hazijachukuliwa na zimejaza uwanja wa nyuma, yeye tena. Hana uwezo juu ya hata kimoja. Kampuni ingempa fundi wa friji mmoja wa kumpigia simu akaitika, ingemwondolea nusu ya manung'uniko ya siku.

Baa zina shida ya peke yake, na wanaoibeba zaidi ni wasichana. Mapromota wa bia hupelekwa jioni, na sare zenyewe wakati mwingine zimechaguliwa na mtu ambaye hatasimama nazo kati ya walevi saa tano usiku. Kushikwashikwa kunachukuliwa kama ajali ya kazi. Ni kosa la jinai. Udhalilishaji wa kijinsia umeingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Msimamizi anayemwambia binti avumilie kwa ajili ya wateja anamwambia avumilie uhalifu. Kwa wavulana, mtego ni ofa. Mwenye baa anakunywesha moja, mteja mkubwa nyingine, na ruti ya bia imegeuza vijana wengi wa mji huu kuwa wanywaji wa saa nne asubuhi.

Juu ya barabara ya lami

Ruti ambazo wengi hawazitaki ni za mlimani. Kutoka Leganga kupanda Poli, kutoka Tengeru kupanda Akheri na Nkoaranga, au kuzunguka hadi Ngarenanyuki, ng'ambo ya hifadhi. Masika, yaani Machi hadi Mei, pikipiki inageuka mzigo wa kusukuma. Maduka yako mbalimbali, na idadi ya maduka kwa siku, ambayo ndiyo kipimo cha programu, haiwezi kufanana na ya mtu anayetembea kwa miguu Levolosi.

Mimi hizo ndizo ruti ninazoziheshimu zaidi. Mlimani kinywaji cha kiwandani kinakutana na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, inayonywewa kilabuni kwenye benchi la mbao. Haihitaji rafu, bango wala friji, na hakuna machandaiza wa mbege. Kumfanya mtu wa Poli anywe bia ya kiwandani siku ya kawaida ni kazi ngumu. Hununua siku ya harusi, kipaimara, Krismasi. Kwa hiyo aliyepangiwa huko hujifunza kalenda ambayo haipo kwenye simu yake. Nyanya za Ngarenanyuki zikitoka, fedha zinashuka na vijana wa mashambani wanataka soda ya baridi na energi. Kahawa ikilipwa, grosari zinajaa. Siku ya soko Tengeru wenye maduka wa juu hushuka kununua bidhaa, na asiyekuwapo siku hiyo amepoteza wiki.

Na kuna baridi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba watu wanavaa makoti. Maelekezo ya kampuni yanasema friji iwe imejaa muda wote, kwa sababu yameandikwa na mtu anayeishi kwenye joto. Mteja wa Usa River anaingia grosari jioni, anaulizwa lile swali la Watanzania wote, ya moto au ya baridi, anajibu ya moto, maana yake isiyotoka kwenye friji. Machandaiza anayejua kazi hupunguza friji mwezi huo na kupanga kreti vizuri kwenye kaunta. Anakatwa alama. Mauzo ya duka yanapanda. Sijaona programu inayoweza kuipa alama akili hiyo, na wakubwa wa mauzo wangefanya jambo la maana kwenda na watu hawa ruti nzima, Julai, kabla ya kuandika maelekezo ya mwaka.

Kuna matarajio mbele. Uwanja mpya wa mpira unajengwa Olmoti kwa ajili ya fainali za AFCON 2027, ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda, na kampuni za vinywaji hazitangoji filimbi ipulizwe ndipo zianze kutafuta vijana. Wengi wataajiriwa kwa haraka, kwa simu, kwa ahadi.

Kijana atakayepigiwa simu hiyo aulize mambo machache kabla ya kuvaa fulana. Mwajiri wangu kwa jina ni nani? Mafuta ya pikipiki analipa nani? Bonasi inapimwa kwa kitu gani? Ajue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na ziada ilipwe mara moja na nusu. Chupa zikivunjika, mshahara haukatwi kwa hasira ya msimamizi: lazima kosa liwe la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akiachishwa kazi kwa uonevu, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai mengine ana siku 60. Inajazwa fomu namba moja, na kuipokea hawatozi ada.